Robert Goldschmidt na antena ya Kikondja: maisha ya mtu aliyeunganisha Kongo kwa radio

Mbele njia ya treni ya BCK ifike Kamina mu miaka ya 1920, tayari kulikuwa habari zenye kupita juu ya vichwa vya babu zetu bila mtu kuziona. Kutoka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ujumbe ulienda mpaka Kikondja, kando ya ziwa Kisale, mu teritware ya Bukama. Toka pale uliendelea na kituo cha Kongolo, Kindu, Lowa, Stanleyville (Kisangani ya leo), kisha ukashuka na mto mpaka Boma na Banana, fasi maji ya Kongo yanaingia mu bahari. Hakukuwa waya kati ya vituo hivyo. Ilikuwa radio.

Mtu aliyepanga mtandao huo, wa kwanza wa aina yake mu Kongo nzima, aliitwa Robert Goldschmidt. Mu vitabu vya masomo vya watoto wetu jina lake halionekani sana. Lakini kama uko kati ya vijana wanaofungua radio zilizokufa ili kutoa piesi, wanaopanga taa za LED, sonda ya joto na karti ndogo kama Arduino ao ESP32 juu ya meza ya nyumbani, basi unatumia kila siku vitu ambavyo vilipita mu mikono yake. Njo maana leo tunaeleza maisha yake.

Mwanakemia asiyekaa fasi moja

Goldschmidt alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1877. Alisoma kemia na fizikia, na angeweza kumaliza maisha yake mu laboratware moja tu, akipima maji na chumvi. Lakini yeye alikuwa mtu wa kujaribu. Akiona jambo gumu, alitaka kulishika kwa mikono.

Mwaka 1906, pamoja na Paul Otlet, Mbelgiji aliyekuwa na ndoto ya kukusanya maarifa yote ya dunia, alipendekeza kitu ambacho watu wengi walikiona kama mchezo: kupiga picha kurasa za kitabu na kuzipunguza mpaka kitabu kizima kiingie mu kipande kidogo cha filmi, cha sentimeta 12,5 kwa 7,5. Msomaji angekiweka mu mashini yenye taa na kusoma ukutani. Hiyo njo mikrofishi. Otlet na yeye walifikiria watu wanaoishi mbali na maktaba kubwa: kama kitabu ni kizito na cha bei, tukifanye kuwa chepesi na cha bei ndogo. Leo kijana wa Kamina mwenye karti memwari ndani ya simu, na mafunzo yote ya elektroniki ndani yake bila kuhitaji intaneti, anafanya ile ambayo wawili hao walitafuta.

Mwaka 1909 Goldschmidt alikuwa tayari mu kazi ingine kabisa. Pamoja na wenzake alijenga ndege ya puto, yenye kujazwa gesi na kusukumwa na injini, iliyoitwa La Belgique. Nayo iliruka. Mtu huyo wa kemia na filmi sasa alikuwa anafundisha Wabelgiji kupanda mu anga.

Picha ya mwaka 1911

Kuna picha moja ambayo wapenzi wote wa sayansi wanaijua. Ilipigwa Brussels mwaka 1911, mu oteli Métropole, siku za mkutano wa kwanza wa Solvay. Marie Curie yuko pale, Albert Einstein yuko pale, pia Max Planck na Ernest Rutherford. Angalia mwisho kabisa wa upande wa kushoto, kati ya wale wanaosimama: ni Robert Goldschmidt. Alikuwa mmoja wa makatibu wa mkutano, na njo yeye aliyekutanisha mwanasayansi Walther Nernst na tajiri Ernest Solvay, mpaka mkutano ukawezekana.

Walizungumzia nini? Walizungumzia joto, mwanga na kwanta, yaani wazo kwamba nguvu haitoki kama maji ya mto, inatoka kwa vipande vidogo vidogo. Ilionekana kama mazungumzo ya watu wa mawinguni. Kumbe ndani yake mulikuwa mzizi wa kila diodi, kila tranzista na kila karti unayonunua leo. Bila wazo la kwanta hakuna mtu angeeleza sababu gani madini fulani yanaacha umeme upite upande mmoja na kukataa upande mwingine. Na mwaka huo huo 1911, Goldschmidt alikuwa anashugulika na kazi ya radio, fasi madini ya namna hiyo yalikuwa tayari yanatumika, hata kama hakuna mtu aliyeweza kueleza vizuri namna yanafanya.

Sababu gani Kongo, sababu gani radio

Mwaka 1908 Kongo ilikuwa imetoka mu mikono ya mfalme Leopold II na kuwa koloni ya Ubelgiji. Mwaka uliofuata, Albert, aliyekuwa angali mtoto wa ufalme, alifanya safari ndefu: aliingia kwa upande wa Katanga, akavuka inchi kwa miguu, kwa baisikeli na kwa mashua, mpaka Boma. Alijionea mwenyewe ukubwa wa inchi. Kabla ya mwaka 1909 kuisha, alikuwa mfalme.

Tatizo la wakubwa wa koloni lilikuwa hili: Boma, mji mkuu wao, ilikuwa mbali sana na Katanga, kwenye shaba ilikuwa inaanza kuchimbwa. Treni iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka upande wa Rhodesia, inchi ya Waingereza. Waya za telegrafu zilikuwepo fasi fulani, lakini mu pori zilipata shida: miti iliangukia waya, tembo waliangusha miti ya kushikilia, na waya wa shaba ni kitu ambacho kila mtu anajua faida yake. Kujenga na kulinda waya wa kilometa elfu na elfu ilikuwa gharama bila mwisho.

Radio haikuomba waya. Iliomba mlingoti, mashini na mtu anayejua. Goldschmidt alikuwa ameanza majaribio Ubelgiji, na mfalme Albert akaunga mkono kazi yake. Injeniere kijana wa Ufaransa, Raymond Braillard, akawa mkono wake wa kuume. Mu bustani za mfalme, Laeken, pembeni ya Brussels, walijenga kituo kikubwa chenye nguvu ya kutafuta Kongo moja kwa moja, na shule ya kufundisha wale waliopashwa kutumwa huku. Kati ya 1911 na vita ya 1914, zaidi ya vituo kumi vikasimama mu Kongo. Kikondja ilikuwa kimoja kati yavyo.

Ndani ya kituo mulikuwa nini

Mtu anayejua elektroniki ya leo hawezi kupotea mu kituo cha wakati ule. Piesi zilikuwa kubwa, lakini ni zile zile.

Kwanza, mashini ya kutoa umeme. Pili, kondansateri, iliyotengenezwa mara nyingi kwa kioo na mabati membamba. Kazi yake ni kukusanya umeme na kuuachilia kwa mara moja, sawa mtu anayejaza ndoo kidogo kidogo kisha anaimwaga. Tatu, bobini, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Nne, fasi ya cheche: vyuma viwili visivyogusana. Kondansateri ikijaa, umeme unaruka kati ya vyuma hivyo kwa kelele na mwanga kama radi ndogo, na ndani ya kondansateri na bobini unaanza kwenda na kurudi kwa mbio sana. Antena inachukua mtikisiko huo na kuutupa mu anga.

Mtumaji alikuwa na kifungo kimoja tu. Akifinya kidogo, ni nukta. Akifinya muda mrefu, ni mstari. Hiyo njo alfabeti ya Morse. Na hapa mtu wa Arduino atacheka: programu ya kwanza ambayo kila mwanafunzi anaandika ni kuwasha na kuzima taa ya LED. Badilisha muda wa kuwasha, tayari unatuma Morse. Mikrokontrola haijui jambo lingine kubwa kuliko hilo: kuwa na umeme ao kukosa umeme, kwa wakati uliopangwa.

Jiwe linalosikia

Upande wa kupokea njo wenye kupendeza zaidi. Antena inakusanya mawimbi, bobini na kondansateri vinachagua wimbi moja kati ya mengi, lakini ekuteri haiwezi kusikia mtikisiko wa mbio namna hiyo. Kunahitajika mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mu miaka ile, mlango huo mara nyingi ulikuwa jiwe: galena, madini ya risasi na salfa, yenye kung'aa. Juu yake waliweka ncha ya waya mwembamba kama unywele na kutafuta polepole, nukta kwa nukta, fasi ambayo jiwe linaitika. Ukikohoa, waya unasogea, unaanza tena.

Tabia hiyo ya madini iligunduliwa na Mjerumani Ferdinand Braun mwaka 1874. Leo tunaiita diodi. Ile diodi ndogo nyeusi yenye mstari mweupe unayoitoa mu sharjeri iliyokufa inafanya kazi ile ile ya jiwe, ila yenyewe haiogopi kikohozi. Baada ya diodi ikaja tranzista mwaka 1947, kisha sakiti nzima ndani ya kipande kimoja mwaka 1958, kisha mikroprosesa ya Intel mwaka 1971. Arduino ilizaliwa Italia mwaka 2005. Ni ukoo mmoja.

Radio ya galena inaweza kutengenezwa hata leo: waya wa antena mrefu, waya wa ardhi, bobini, kondansateri ya kugeuza, diodi ya jermaniamu iliyotoka mu radio ya zamani, na ekuteri ya ukinzani mkubwa. Haihitaji batri, kwa sababu inakula nguvu ya wimbi lenyewe. Lakini ujue mbele: inasikia stesheni za AM zenye nguvu ao zilizo karibu. Haitakupa vizuri radio za FM kama zile nyingi za jamii mu miji yetu.

Konseri ya Jumamosi

Goldschmidt na Braillard hawakutosheka na nukta na mistari. Walitafuta namna ya kutupa sauti ya mtu mu anga. Cheche ya kawaida inakatika-katika, na sauti haiwezi kupanda juu ya kitu kinachokatika. Walihangaika mpaka wakapata wimbi lililotosha kubeba sauti.

Tarehe 28 mwezi wa 3 mwaka 1914, siku ya Jumamosi, kituo cha Laeken kilitupa konseri mu anga, kwa heshima ya malkia Elisabeth. Ilikuwa kati ya emisio za kwanza za muziki mu Ulaya. Kisha waliendelea kila Jumamosi, na watu waliokuwa na vifaa vya galena nyumbani walianza kusikia muziki bila kutoka nje. Tuelewe jambo hilo: mashini iliyojengwa ili kutuma amri Kongo, njo iliyogeuka kuwa radio ya kusikilizwa na watu wote, lakini kule Ubelgiji.

Haikudumu. Vita ilianza mwezi wa 8. Tarehe 19, siku moja mbele Wajerumani waingie Brussels, Wabelgiji wenyewe waliharibu kituo cha Laeken ili adui asikitumie. Kazi ya miaka ikaanguka kwa siku moja.

Wakati huo huo kulikuwa Kamina ingine mu habari za vita. Hiyo si yetu: ni Kamina ya Togo, karibu na Atakpamé, kwenye Wajerumani walikuwa wamejenga kituo kikubwa cha radio cha kuzungumza na Berlin. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 mwezi wa 8, 1914, Wajerumani nao waliharibu kituo chao kwa mikono yao. Kwa hiyo ukisoma fasi fulani juu ya kituo kikubwa cha radio cha Kamina mwaka 1914, usijisifu haraka: ya kwetu ilikuwa Kikondja.

Nani alisikia, nani alibeba

Hatuwezi kueleza maisha ya mtu huyu kama vile kila kitu kilikuwa kizuri. Radio ile haikuletwa ili mkaaji wa Kikondja apate habari za ndugu yake wa Kongolo. Ililetwa kwa ajili ya serikali ya koloni, askari na kampani: kuuliza, kuamuru, kutoza kodi, kufuata bei na mizigo. Mashini zilishushwa mu mashua na mu treni, na kwenye njia ziliisha, ilikuwa vichwa na mabega ya watu wetu. Majina ya mainjeniere yameandikwa. Ya wale waliobeba, waliokata miti na kusimamisha milingoti, hapana. Shule ya Laeken ilifundisha Wabelgiji. Ujumbe ulipita juu ya vichwa vya wakaaji, na ufunguo wa kuusoma ulibaki mu mfuko wa mwingine.

Na hata leo swali hilo halijaisha. Shaba ya waya inatoka mu Katanga. Bati ya kulehemu inatoka mu kasiterite, na kondansateri ndogo za tantali zilizo mu simu zinatoka mu koltani, madini ambayo Manono na Kivu wanayajua vizuri. Piesi zinaondoka kama udongo na kurudi kama bidhaa za duka, ghali. Kile ambacho hakihitaji kurudi na treni ni ujuzi. Kijana anayejua sababu gani kondansateri imewekwa pale, na kitatokea nini ukiitoa, ameshika ule ufunguo.

Miaka ya mwisho, na kile kilichobaki

Baada ya vita Goldschmidt alirudi tena kwa wazo lake la zamani. Mwaka 1925 yeye na Otlet waliandika tena juu ya kitabu cha filmi ndogo, wakieleza maktaba ambayo mtu angeweza kuibeba mu mkono. Radio ya Ubelgiji nayo ilianza upya bila kungojea: Radio Belgique ilisikika mwezi wa 11 mwaka 1923, na Braillard akawa mmoja wa mafundi wakubwa wa radio wa Ulaya. Goldschmidt alikufa mwaka 1935, akiwa na miaka 58 hivi. Hakuona tranzista. Hakuona Kongo ikijitawala, wala vituo vya radio vyenye kusema lugha zetu kwa wakaaji wenyewe.

Karti ya ESP32, ndogo kuliko sanduku la kiberiti, ina radio ndani yake. Kazi iliyoomba nyumba, mlingoti na mashini mu Kikondja sasa inaingia mu kiganja, hata kama haifiki mbali namna ile. Kwa wale wanaotaka kuanza, tunaacha mambo machache ambayo hayakubadilika toka siku za galena.

Usiunge LED moja kwa moja kwa umeme. Kwa Arduino ya volti 5, LED nyekundu inakula karibu volti 2, inabaki 3. Ukitaka umeme wa miliampea 15, gawanya 3 kwa 0,015, unapata ohmu 200. Chukua rezistansi ya 220, ni ya karibu na inapatikana mu karti nyingi zilizokufa. Kwa ESP32, kumbuka miguu yake ni ya volti 3,3: ukiipa 5 utaiua. Ukifungua televizio ya zamani ao sharjeri, ngoja na uhakikishe kondansateri kubwa imekwisha kuachilia umeme wake, kwani inaweza kukupiga hata kama umetoa prizi. Na usitupe radio iliyokufa. Toa bobini, diodi, rezistansi, kondansateri ya kugeuza, uviweke mu sanduku, na uandike kila moja ilitoka wapi.